Vali ya Opal

Laurel, Delaware
Jumapili, 11 Agosti 1996

Kwa Bibi Verna, huko jangwani,

Soksi zimefika. Mama amenikalisha mezani jikoni na kusema sitainuka mpaka nijaze kurasa mbili za shukrani. Basi asante, na sasa tutafute cha kujaza kurasa zilizobaki. Wewe simu huisikii, na mimi na shule tuliachana kwa heshima nikiwa na miaka kumi na sita, kwa hiyo haya yatakuwa mazungumzo ya kiziwi na mjinga. Usicheke. Najua umeshacheka.

Habari kubwa ni kwamba nahodha wa Opal, mzinga wetu wa kufyatulia maboga, sasa ni mimi. Baba anasema mgongo wake hautaki tena kuinama chini ya tangi la hewa, na kwamba aibu ya mwaka jana imemtosha. Sijui walikuambia nini kuhusu mwaka jana. Tulifyatua maboga mawili, na yote mawili yalipasuka yakiwa ndiyo kwanza yanatoka kwenye mtutu. Mwamuzi akaita "Pai" mara mbili, watu wakacheka mara mbili, kwenye karatasi tukaandikiwa sifuri. Sheria unaijua kuliko mimi: sifuri miaka miwili mfululizo, nafasi yako kwenye mstari anapewa anayesubiri. Namba nne ni yetu tangu siku Babu alipomburuza Opal kwa trekta mpaka shamba la Hitchens, mwaka wa kwanza wa mashindano. Na anayesubiri ni mpwa wa Norris Tull. Norris mwenyewe yuko namba tano. Akipata na nne ataegesha lori lake katikati, na mimi nitabaki kuuza maji ya limau kwa wageni kutoka Maryland.

Hilo halitatokea kwa sababu mimi nina akili. Nimechunguza mzinga mzima na nimeona tatizo ni vali. Ile ya Babu, kile cha aina ya kipepeo alichokitoa kwenye vyuma chakavu vya kiwanda cha nailoni, ni kizee kuliko mimi. Sahani yake inageuka ndani ya bomba kama mtu anayegeuka kitandani Jumatatu asubuhi. Kuna watu siku hizi wana vali za pistoni, Bibi, zinafunguka kabla hujamaliza kupepesa jicho. Mlio wake unaweza kuutambua hata ukiwa mji wa Salisbury. Kuna pia koki kubwa za kugeuza kwa mkono, lakini hizo ni za watoto wanaofyatua viazi nyuma ya karakana ya baba zao, siziandikii hata mstari wa pili.

Babu alikuwa akisema vali ni mlango tu, siri iko kwenye boga. Maboga meupe, ganda nene, yakatwe yakiwa na shina refu na yalazwe kwenye majani makavu siku kumi. Nimepanda safu sita. Yanalala vizuri kuliko mimi.

Mengine ni madogo. Kuku wamekufa mia mbili kwa joto. Mama hatimaye amenunua kile kibomba cha juu ya mlango, cha kuuzuia usijibamize. Miaka minane tumekula chakula kwa kishindo, sasa mlango wa jikoni unafunga kama unaomba radhi. Kila mgeni akija, Mama anaufungua na kuuachia mbele yake ili aone.

Kurasa mbili zimejaa. Nainuka.

Mjukuu wako na nahodha,
Dorsey


Tucson, Arizona
19 Agosti 1996

Dorsey,

Nimepokea. Mwandiko wako umekuwa mbaya zaidi, nilidhani haiwezekani.

Vali ya babu yako usiiguse. Pembeni yake, kwenye mkono unaogeuza sahani, kuna kibomba kidogo kilichopakwa rangi ya kijani. Kitazame. Kama kimekauka kwa nje, hilo ndilo tatizo la mwaka jana. Kinatakiwa kilowe mafuta kidogo pale fimbo yake inapoingia. Natuma chupa ya mafuta ya cherehani. Fungua kiskrubu cha juu, tia, funga. Mimi nilikuwa nafanya hivyo kila Oktoba. Sikumwambia baba yako wakati naondoka, nikadhani haitakuwa na haja.

Usiulize kibomba ni cha nini. Tia mafuta.

Shangazi yako Lorraine anakusalimu. Huku nyuzi joto mia moja na nane za Farenhaiti, na watu wanaiita hali nzuri ya hewa.

Bibi yako,
Verna


Laurel
Jumapili, 1 Septemba 1996

Bibi,

Mafuta yamefika, hayakumwagika njiani. Nimetia yote. Ile vali imeyanywa kama ng'ombe aliyetoka malishoni, mpaka tone la mwisho. Sasa imepumzika bandani, nimeifunika na turubai, usiku mwema. Usiwe na wasiwasi nayo.

Ila nimeona nisiifunge kwenye Opal kwanza. Imetokea kwamba nimepata vali ya pistoni. Usiulize nimeipataje, na wewe una vibomba vyako ambavyo haviulizwi. Bibi, ungeiona. Imechongwa kwa mashine, inang'aa, unaweza kujitazama nywele. Niliijaribu bila boga, hewa tupu. Mbwa wa Hitchens hajatoka chini ya nyumba tangu Alhamisi. Mlio ule ukiingia kwenye namba nne, mwamuzi atanipa zawadi kabla boga halijatua.

Wewe kule kiwandani ulikuwa unafunga nyuzi kwenye maboksi, kwa hiyo nikuelezee kwa lugha nyepesi. Hewa iko kwenye tangi. Boga liko kwenye mtutu. Vali iko katikati. Vali ikifunguka haraka, hewa yote inalifikia boga kwa pamoja, na boga linaondoka kwa kasi. Ikifunguka polepole, hewa inatoka kama watu wanaotoka kanisani, kila mmoja anasimama mlangoni kuuliza habari ya mwenzake. Umeelewa? Haraka ni mbali. Hata kuku wangeelewa.

Maboga yanakaribia. Meupe kabisa.

Dorsey, bingwa mtarajiwa


Tucson
10 Septemba 1996

Dorsey,

Kile kibomba hakichukui zaidi ya vijiko viwili vya chai. Chupa niliyotuma ilikuwa na ishirini.

Hayo mengine uliyatia wapi?

Verna

Tena: sikufunga nyuzi kwenye maboksi. Miaka ishirini na mbili nilikuwa karakana ya mabomba, meza ya vali. Sahani ile ya kipepeo niliisaga mimi. Ukiigeuza utakuta herufi V na M nyuma yake. Nenda bandani, inua turubai, uniandikie kilichoandikwa chini ya herufi hizo.


Laurel
Jumapili, 22 Septemba 1996

Bibi,

Mafuta niliyatia kwenye mnyororo wa baiskeli. Baiskeli inakwenda vizuri sana, ukitaka kujua.

Chini ya turubai kuna mashine ya kukatia nyasi na paka mwenye watoto. Vali haipo. Nilimpa Norris Tull. Barua yako ya kwanza ilipofika nilikuwa nimeshampa siku mbili kabla, ndiyo maana nikaona haina faida kukusumbua.

Ilikuwa hivi. Norris alikuja kwa lori, akashusha dirisha, hakushuka mwenyewe.

"Kipepeo cha marehemu bado kinapepea?"

"Kinapepea kwa kuchapwa fimbo," nikamwambia.

"Mimi nina pistoni inakaa bure. Tubadilishane."

"Mtu mzima unatoa pistoni upewe chuma chakavu? Umeanguka kitandani?"

"Babu yako alinipita miaka sita kwa chuma hicho chakavu. Nataka kukiona kwa ndani kabla sijafa. Mimi ni mtu wa vitu vya kale, kijana."

"Norris, wewe mwenyewe ni kitu cha kale."

Akacheka, tukabadilishana. Nilijiona nimemwibia mchana kweupe. Usiku huo nililala nikitabasamu, Mama anaweza kushuhudia.

Sasa matokeo. Jumamosi ya tarehe saba nilifyatua boga la kwanza, jeupe, la siku kumi kwenye majani. Pai. Nikapunguza hewa kwenye tangi, nikafyatua la pili. Pai. Tarehe kumi na nne nikapunguza tena mpaka nikaona haya. La tatu likatoka likiwa limeshakuwa supu, na kwa sababu upepo ulikuwa wa kusini, supu ikaangukia lori la Mchungaji Dukes aliyekuwa amekuja kumwombea Baba mgongo. Alishuka, akachukua mbegu moja kwenye kofia, akaitazama, akasema kuhusu Babu, "Elwood alikuwa na mkono mpole." Akaingia ndani kuomba.

Nimebaki na maboga kumi na moja na wiki sita. Mpwa wa Norris jana alipita namba nne na futi ya kupimia. Alikuwa anapima pale atakapoweka jiko la kuchomea nyama.

Sijamwambia Baba kuhusu kubadilishana. Mama anajua ninachotaka ajue. Wewe nimekuambia yote, na sasa nataka na wewe uniambie. Babu alisema siri ni boga. Boga ninalo. Kile kibomba ni cha nini?

Dorsey


Tucson
30 Septemba 1996

Dorsey,

Siri siyo boga. Haijawahi kuwa boga.

Boga halivunjwi na nguvu, linavunjwa na ghafla. Mwekee mtu kiganja mgongoni umsukume, atatembea, na ukiongeza atakimbia. Mpige pale pale kwa nguvu ile ile, ataanguka kifudifudi. Mtutu wa Opal una urefu wa futi arobaini. Boga lina nafasi ya kutosha ya kupata kasi humo ndani, halihitaji kupewa yote mlangoni. Hao watu wenye pistoni wana maarifa mengine ya kulilinda boga, ambayo Norris hana na wewe huna. Wewe ulichagua vali kwa masikio. Babu yako vilevile.

Mwaka 1987 Elwood alipata sifuri. Alikuwa amefunga springi kali kwenye kipepeo ili kigeuke haraka, kwa sababu alipenda mlio. Nilimwambia. Akaniambia mimi ni fundi wa kiwanda, hii ni michezo. Mwaka 1988 alikuwa mahali ulipo wewe leo: sifuri nyingine na namba nne inaondoka. Hakuwa anakula vizuri. Usiku alikuwa anaamka kwenda kupapasa maboga.

Alhamisi moja ya Oktoba alikwenda kwa daktari wa meno. Nilipanda juu ya kiti, nikatoa kibomba cha mlango wa jikoni, kile cha kuuzuia usijibamize. Nikakifunga kwenye mkono wa vali kinyume na springi. Kazi yake ni ile ile: springi inataka kuvuta kwa pupa, kibomba kinasema taratibu. Kinachelewesha mwanzo tu, kisha kinaachia. Nilikipaka rangi ya kijani kama tangi, kikaonekana kimezaliwa pale.

Elwood alirudi na shavu limevimba, mlango ukajibamiza nyuma yake. Akauliza umekuwaje. Nikasema ni upepo.

Mwaka huo boga lilitua zima. Yalikuwa ndiyo maboga yake meupe ya kwanza, akaamua ni weupe. Miaka karibu sita aliwafundisha watu wa kaunti nzima kuhusu ganda na shina na majani makavu. Sikuona sababu ya kumsahihisha. Alikuwa na furaha, na namba nne ilikuwa salama. Sikufikiri kwamba atakuja mtoto amwamini.

Kwa hiyo wewe umekosea kumpa Norris vali, na mimi nimekosea kabla yako. Gawanya unavyotaka.

Vali ya kutumia chagua mwenyewe. Wewe ndiye nahodha.

Verna


Laurel
Jumatatu, 14 Oktoba 1996

Bibi,

Barua yako nimeisoma bandani, na paka tu ndiye shahidi. Nilipindua ndoo, nikakaa juu yake, nikaisoma tena. Nakumbuka ule mlango. Nilikuwa na miaka kumi. Babu alikuwa akiupiga teke na kusema nyumba inazama upande wa mashariki. Alileta mpaka pima-maji, akapima sakafu yote.

Nimechagua. Nilifikiria pia ile koki ya mkono, ila mkono wangu nao una pupa. Kipepeo kirudi.

Nilikwenda kwa Norris Jumamosi. Nilijiandaa kupiga magoti, hata suruali nilivaa chakavu. Nikamkuta amekaa mlangoni mwa karakana yake, anakula mkate na panya wa kinamasi wa kukaanga, kama wazee wote wa huku, uso umenuna. Ukutani nyuma yake palikuwa na rangi ya boga mpaka kwenye dari.

"Umefuata nini?" akasema. "Kama umekuja kucheka, cheka ukiwa kule barabarani."

"Nimekuja kuangalia kitu cha kale."

"Kipi, mimi au chuma?"

"Chuma kwanza."

Akatafuna. "Hicho chuma chenu kimerogwa. Maboga matatu, pai tatu. Elwood alikuwa anakifanya nini?"

Bibi, hapa ulimi ulitaka kunikimbia. Nikauuma. "Alikuwa anakibembeleza," nikasema.

"Rudisha pistoni yangu, chukua bembelezo lako. Angalau ile inang'aa."

Nikamwambia sawa, ila kama mtu anayelazimishwa. Nilipakia kipepeo kwenye lori kabla hajameza. Nyumbani nikakigeuza. V na M zipo. Chini yake umechora kijiboga chenye mdomo wazi. Hicho ndicho ulichotaka nikuandikie, naona.

Lakini kibomba cha kijani hakipo. Mashimo yake ya skrubu yapo, kibomba hakuna. Nikarudi mbio.

"Norris, kulikuwa na kidude cha kijani pembeni."

"Kile cha mlango?"

"Cha mlango?"

"Kijana, mimi nimefunga milango arobaini. Kile ni kibomba cha mlango, mtu alikipachika pale sijui kwa ulevi gani. Kilikuwa kimekauka. Nimekitia mafuta, nimekifunga chooni. Nenda kakitazame, kinafanya kazi kama malaika."

Nikaenda. Niliufungua mlango wa choo chake, nikauachia. Ulijifunga kwa upole ambao sijawahi kuuona kwa kitu chochote cha Norris. Nilisimama pale nikautazama mara tatu, mpaka mkewe akaniuliza kama naumwa tumbo.

Hakitoi. Nilimwomba, akasema mkewe amekipenda, na mambo ya ndoa siyo ya kubadilishana kwa lori. Nikimbana atauliza nakitakia nini, na akijua, namba nne na namba tano zote ni zake.

Zimebaki siku kumi na tisa. Kile kibomba ulikirekebishaje, na nitapata wapi kingine? Dukani kwa Givens vimekwisha, cha mwisho alinunua Mama.

Dorsey


Tucson
21 Oktoba 1996

Dorsey,

Kuna milango mingi. Sitakuambia mlango gani.

Kinafungwa kwenye mashimo yale yale, kichwa kikitazama tangi. Kwenye mkia kina kiskrubu. Kikaze mpaka mwisho, kisha legeza nusu mzunguko. Nusu, Dorsey. Kwa masikio yako itasikika kama Opal anakohoa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa isikike. Mtu asisimame mbele ya mtutu, hata kwa utani, na hewa itolewe yote kabla mkono wako haujaingia kwenye vali.

Sitakuja. Daktari amesema mapafu hayapandi ndege mwaka huu. Lorraine alikuwa ameshakata tiketi, ilikuwa niwashtukize. Usimwambie baba yako kuhusu mapafu.

Verna


Laurel
Jumapili, 3 Novemba 1996

Bibi,

Umekosa kuona shati langu. Nilivaa lile la Babu la namba nne, mikono inanifika kwenye vidole, lakini kwa mbali nilionekana mtu wa maana.

Nakueleza kama ilivyokuwa, kwa sababu Baba atakueleza kwa namna nyingine. Ijumaa usiku nilifunga kibomba kwenye kipepeo, nusu mzunguko kama ulivyosema. Jumamosi asubuhi tulisimama kwenye mstari, mabua ya soya yana barafu, Norris pembeni yetu na pistoni yake inang'aa, na yule mpwa wake amekalia kiti cha kukunja. Kiti chenyewe kilikuwa upande wetu wa kamba.

"Kiti kinakufaa?" nikamwuliza.

"Nakizoesha ardhi," akasema.

Ndipo nikafanya ujinga. Nilimsikia yule anacheka, nikaona Opal hawezi kukohoa mbele yake, nikachukua bisibisi na kulegeza robo nyingine. Robo tu. Nikafyatua. Mlio ulikuwa mzuri sana. Mwamuzi akasema "Pai" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. Baba akageuka akatazama barabara kuu. Mpwa akasogeza kiti futi mbili ndani.

Likabaki boga moja. Norris naye alifyatua mawili, pai, pai, lakini yeye mwaka jana alikuwa na futi elfu moja na mia nne, hana cha kupoteza mpaka mwakani.

Nilitoa hewa yote. Nikakaza kiskrubu mpaka mwisho, nikalegeza nusu. Nikapakia boga la mwisho, dogo, na Bibi, halikuwa jeupe. Meupe yalikuwa yamekwisha kwenye majaribio. Lilikuwa la rangi ya chungwa, la kuchonga sura kama wafanyavyo watu mwisho wa Oktoba, nililichukua kwenye ngazi za mlango wetu. Lilikuwa na jicho moja limeshaanza kuchorwa kwa kalamu.

Nikafyatua. Opal akakohoa. Kweli alikohoa, kama mzee anayetaka watu wampishe. Watu wakafikiri limekwama. Mimi mwenyewe nilifikiri limekwama. Kisha mtu akanyoosha kidole, na lilikuwa kule juu, zima, linazunguka polepole, jicho linakuja, jicho linakwenda.

Futi elfu moja na thelathini na moja. Tumekuwa wa tisa kati ya kumi na wawili, na watatu waliobaki ni pai tupu. Kwa hiyo mimi ni wa mwisho katika wote waliofaulu, hakuna mwingine anayeweza kusema hivyo. Namba nne imebaki. Mpwa alikunja kiti chake. Nilimsaidia kubeba mpaka upande wa pili wa kamba, kwa heshima zote, nikimwelezea njiani habari za ganda nene.

Norris alikuja akatazama vali, akatazama kibomba. Nilikuwa nimekipaka kijani, rangi haijakauka vizuri. Akaweka kidole, kidole kikatoka cha kijani. Akanitazama, akatazama kidole.

"Mlango gani?" akasema.

"Norris, msalimie mkeo."

Hatasema. Mtu hawezi kusimama mbele ya kaunti nzima akatangaza kwamba siri iko chooni kwake.

Mama aliuliza juu ya mlango wa jikoni jana jioni, tulipokaa kula kuku na madonge ya unga, nao ukajibamiza nyuma ya Baba mpaka vijiko vikaruka. Nikamwambia ni upepo.

Mapafu sijamwambia Baba. Upone.

Nahodha wa namba nne,
Dorsey


Laurel
Jumamosi, 9 Novemba 1996

Mama,

Mimi Faye. Mke wa mwanao huandika mara chache, najua, lakini sote huku wazima. Dorsey ameshakueleza habari za shamba la Hitchens. Zipunguze kidogo upande wa shati, nyingine ni za kweli. Jumapili baba yake alikwenda peke yake na trekta kulifuata lile boga. Lilikuwa limezama kwenye udongo wa soya mpaka kwenye jicho, halina ufa. Liko kwenye ngazi sasa. Hataki liondolewe.

Mlango wa jikoni umeanza tena. Dorsey anasema ni upepo. Amelisema kama ulivyolisema wewe, bila kupepesa. Mwaka ule wa 1988 nilikuwa chumba cha kufulia na kikapu cha nguo, nikakuona juu ya kiti na bisibisi, umeshikilia skrubu mbili kwa midomo. Nilitaka kuuliza, nikaona nisiulize. Siku baba mkwe aliporudi kutoka kwenye mashindano alikula sahani tatu, na nikaona nimefanya vizuri. Nilisubiri miaka minane kuwa na mlango unaofunga kwa adabu. Nimekuwa nao miezi mitatu.

Nimeagiza kibomba kingine kwa Givens, kimekuja jana. Kiko juu ya kabati, ndani ya boksi lake. Nitakifunga Krismasi. Kwa sasa nimeuacha ulivyo. Kila unapojibamiza, Dorsey anainua kichwa kwenye sahani na kutazama dirishani, kuona kama kuna tawi linalotikisika. Halitikisiki hata moja. Nami namuuliza kama anataka madonge zaidi.

Na hayo mapafu, Mama, utuambie mwenyewe. Lorraine ameshatuambia.

Faye